Kunoa Skii Uani Mabela

Ijumaa, Mabela. Leo joto limetuonea huruma. Asubuhi nimezima viyoyozi vyote na kufungua madirisha, na nyumba ikatulia mpaka nikawasikia kuku wa jirani. Hewa ikishakuwa hivi Maskati, watu huanza kuzungumza safari, na safari ya familia yetu ni moja tu kila mwaka: Georgia, kwenye theluji.

Mwaka huu mie siendi. Nimeshawaambia, na wote wamekubali kwa adabu. Imeniudhi zaidi kuliko kama wangenibishia.

Kwa msonijua: mie ni mwalimu wa hesabu, umri umeshavuka hamsini, na nateleza kwenye theluji. Nilianza ukubwani. Wenzangu walikuwa wanapiga picha na kunywa chai, mie nikakodi skii, zile mbao ndefu za kufunga miguuni, nikaanguka mchana kutwa na nikafurahi mchana kutwa. Safari iliyofuata nikanunua zangu. Mume wangu alisema zitaishia kama baiskeli yangu ya mazoezi, ambayo siku hizi tunaanikia mitandio. Hazikuishia hivyo. Kila msimu nimekwenda nazo.

Halafu msimu uliopita ukaniharibikia. Ilikuwa asubuhi mapema, kwenye mteremko nnaoujua vizuri, na theluji ilikuwa imeganda imekuwa barafu tupu. Nikakata kona, skii hazikushika. Zikaniponyoka ubavuni, nikaenda chini kwa makalio mpaka kwenye wavu. Nikajaribu tena, ikawa yale yale. Mwisho nikazivua, nikazitia begani na kushuka kwa miguu, huku vitoto vinanipita vinanikodolea macho. Mwili haukuumia. Lakini kabla hatujafika uwanja wa ndege nilikuwa nimeshajihukumu: magoti yamechoka, umri umefika, khalas.

Nilikwenda kulia chooni ndani ya ndege, nikanawa uso, nikarudi kukaa.

Ndo nikamwambia Zuwena, binti wa kaka yangu, aje azichukue. Zuwena ni kijana, anafanya kazi Qurum, kimo chetu kimoja na mguu wetu mmoja. Tulipatana aje leo baada ya alasiri. Na tiketi za familia mume wangu alisema atazikata leo leo, baada ya maghrib. Jina langu halimo.

Sasa, kwetu hatumpi mtu kitu kichafu. Kwa hiyo baada ya chai nikalitoa begi la skii stoo nizisafishe. Kulifungua tu, harufu ya mawaridi ikanijaa puani.

Hapo nikajua. Mama yangu, ambaye tunakaa naye, hampokei msafiri bila mrashi wake. Unaingia mlangoni na mizigo yako, yeye ameshasimama na ile chupa ya fedha ya shingo ndefu, anakurashia marashi kichwani, mikononi, na kila ulichorudi nacho. Masanduku, viatu, na skii pia. Na mie kila mara nikivuta zipu hivyo hivyo na unyevu wake, begi naliingiza stoo, na joto la Mabela linamaliza kazi. Vile vyuma vyembamba vilivyopita pembezoni mwa skii, kingo zake, vilikuwa vimeingia kutu rangi ya pilipili ya unga.

Nikapanga viti viwili vya plastiki uani, nikatandika taulo, nikalaza skii matumbo juu. Vifaa nnavyo: raba ngumu ya kutolea kutu, tupa, kijiwe cha almasi, na kishikio cha kuilaza tupa kwa pembe iliyopimwa. Vyote nilivinunua kule kwa tamaa ya dukani, na sijawahi kuvitumia. Miaka yote nilikuwa nafuta kwa kitambaa na kupaka nta, basi. Tupa nikiiogopa, maana chuma ukishakila hakirudi.

Kutu ikatoka. Nikataka nimpe Zuwena kitu cha uhakika, nikafanya ule mtihani wa ukucha niliouona kwenye video. Unapitisha ukucha juu ya ukingo, na ukingo ukiwa mkali utaukwangua ukucha, utoe unga mweupe. Nikapitisha, hakuna kitu. Nikajaribu pale chini ya buti panapobeba uzito wote, nikakandamiza na dole gumba. Hakuna. Ukingo ulikuwa umeviringa, mlaini kama mpini wa kijiko.

Nikakaa chini kwenye ngazi.

Maana skii inashika barafu kwa ule ukingo tu. Ukishaviringa, hata bingwa atakwenda kwa makalio. Na mie mwaka mzima nimeyasingizia magoti yangu, nimemeza na madawa ya mifupa, kumbe masikini hayana kosa.

Mama akatoka na finjani yake ya kahawa, akaniona nimeduwaa, akauliza kuna nini. Nilitaka kumficha habari ya marashi, lakini mama yangu humfichi. Akaziinamia skii, akanusa, akaniangalia.

"Mie ndo nlozitia kutu?"

Nikamwambia wewe kidogo, na mie kidogo, nilokuwa nazifunga mbichi.

"Na ndo zilokuangusha?"

"Nadhani, Mama."

Akanywa kahawa yake, hana haraka. "Alhamdulillahi. Kutu ina dawa. Mie nlidhani umezeeka, nkawa nakusikitikia, na mie mwenyewe bado."

Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Kisha nikainuka nikaishika tupa.

Kwanza unapaka ukingo wino mweusi, kwa ile kalamu ya kuandikia makatoni, ili uone tupa inapita wapi. Kishikio kinaikamata tupa kwenye digrii themanini na nane, na mie digrii nnazijua, huo woga wote ulikuwa wa nini sijui. Unavuta upande mmoja tu, kutoka pua kwenda mkia, mkono mwepesi. Usiipeleke mbele na nyuma kama msumeno. Wino ukawa unatoka hapa, unabaki pale, na chini ya buti ukagoma kabisa. Mama alijipa kazi ya kufuta unga wa chuma kwa kanga kuukuu, na cheo cha msimamizi pia. "Hapo bado. Rudi." Nikarudi. Mwisho nikapitisha kijiwe cha almasi kulainisha vile vichembe vya chuma vinavyobaki, nikajaribu ukucha wangu. Unga mweupe ukabaki kwenye chuma. Mama naye akataka kujaribu, akakwangua ukucha wake wenye hina, akasema mashaallah.

Basi hapo ndo yakanianza. Skii kali hivi, na mwenyewe si mie tena. Kwetu kitu ukishakitoa kwa mdomo kimeshatoka. Kumnyang'anya mtoto wa kaka yako ni aibu. Na kuna jambo jingine baya zaidi, nnaliandika hapa kwa sababu hapa sidanganyi. Nikienda na kingo kali nikaanguka tena, sitakuwa na kutu ya kuisingizia. Kubaki nyumbani ni salama zaidi.

Zuwena akafika na bakuli la halwa, viti vya nyuma vya gari ameshavilaza. Akaziona skii zinang'ara kwenye taulo. "Shangazi, umeninolea kabisa." Nikamuona anaipitishia mkono mojawapo, na moyo wangu ukaruka kama kitoto changu kimebebwa na mgeni.

"Zuwena, mwanangu, nisamehe. Sikupi."

Uso ulinichoma. Yeye akamtazama bibi yake, bibi yake akatazama halwa. Kisha Zuwena akanikumbatia kwa nguvu, akasema alizikubali kwa sababu aliona vibaya kunikatalia, na njia nzima kutoka Qurum alikuwa hana raha. Tukaila halwa hapo hapo uani, na vidole vyangu bado vina wino.

Maghrib imeshapita. Mume wangu amekaa kwenye kochi na simu yake, na sasa hivi ameniuliza bila kuinua kichwa: watu wangapi? Nimemwambia ahesabu na mie. Ameinua kichwa.

Naogopa, sisemi uongo. Lakini kama kweli ni magoti, nataka nikayajulie kule kule juu ya barafu, nimesimama juu ya kingo nilizozinoa mwenyewe.