Višnja na Gari Lisilonguruma

Jumatatu, 4 Septemba 2023

Nchi hii imepata madereva watatu wa kweli. Wawili wamekwisha kufa. Wa tatu ndiye anayeandika hapa, na kahawa yake imepoa.

Naandika kwa sababu mambo makubwa yasipoandikwa huchukuliwa na waongo. Mimi niliishia darasa la nane, tena mwalimu alinisukuma mgongoni, lakini kona nazijua kuliko profesa yeyote.

Leo kapiga simu Iskra, binti wa dada yangu. Yuko Čačak, msaidizi wa daktari wa meno. Anasema: Mjomba, daktari wangu anamtaka Višnja.

Višnja ni gari langu. Golf ya mwaka themanini na tisa, nyekundu kama cheri iliyompa jina, usukani kushoto, gia tano za mkono. Akishuka Kona Saba, barabara ya mlimani kwetu, Ivanjica nzima wanashusha vikombe.

Nikamwambia: na mimi nautaka ubalozi wa Paris, tusubiri wote wawili. Akacheka. Kumbe huyo Daktari Vukašin hataki kununua. Anataka tubadilishane! Yeye atoe haibridi yake, ya miaka minne, haina mkwaruzo. Gari kwa gari, hakuna nyongeza. Kijana huyo – ana miaka arobaini na minane, kwangu ni kijana – alikuwa na Golf kama hiyo kabla ya jeshi, baba yake akaiuza akiwa kambini. Hajapona mpaka leo.

Haibridi. Injini mbili, na hakuna hata moja yenye sauti!

Nimekataa. Nimekataa mara tatu ili isikike.

Bega linauma.

Jumatano, 6 Septemba

Čačak, kwa mama wa mazoezi ya viungo. Kila Jumatano kwa ajili ya bega, kila Jumamosi sokoni na pilipili za Desanka na kajmak yake, malai ya maziwa. Desanka huja nami safari zote mbili. Hawezi kukaa mbali nami. Miaka thelathini na moja ya ndoa na bado mwanamke hatosheki kunitazama.

Mama wa mazoezi kauliza tena bega liliganda vipi. Nikamweleza habari za nguruwe mwitu. Kilo mia mbili, alikuja kwa mbele, nikamshika pembe –

"Mwezi uliopita ulisema ulinyanyua gari la padri mtaroni," akasema.

"Hiyo ni siku ile ile. Asubuhi."

Desanka hata hakuinua macho kwenye ufumaji wake. "Dada, alitoa kiwiko dirishani toka Aprili hadi Juni, kama kijana wa miaka kumi na minane. Upepo ukamwingia kushoto, ukatulia bega la kulia. Promaja, upepo wa kupenya, huo ndio muuaji."

Basi! Chumba kizima cha wagonjwa kikaguna kwa huzuni. Bibi mmoja akajivuta taratibu, akafunga dirisha. Joto digrii thelathini na tatu. Tukakaa tukichemka kama mahindi, lakini salama.

Kurudi, tulisimama kituo cha mafuta. Višnja anakunywa petroli kama shemeji harusini. Desanka alitazama namba zikikimbia pale kwenye pampu. Ningependa asitazame.

Jumapili, 10 Septemba

Janga.

Baada ya kanisa nilipita kwa Sreten, kafana yake, baa ya kijiji, iko pale pale tangu babu yake. Nilitaka kahawa tu. Lakini walikuwepo watu kumi na wawili, na mtu akiwepo na watu kumi na wawili lazima aseme kitu. Nikawaambia daktari kutoka Čačak ananipigia magoti kwa ajili ya Višnja. Nikawaambia habari zangu na Kona Saba – gia ya tatu, breki sigusi, juu mpaka chini. Nikawaambia gari la haibridi analotaka kunipa ni jipya, linajiegesha lenyewe, linakukaribisha kwa jina. Hilo la jina sina hakika nalo.

"Kwa hiyo umepata haibridi!" Sreten akapiga meza. "Hongera, Radojko! Na umekaa kimya, we mjanja!"

"Hongera!" wote. Mikono mgongoni. Bega likalia.

"Haya, gari haliwezi kukaa kavu," akasema Sreten, na chupa tayari mkononi.

Na mimi – moto wa sifa, Mungu anisamehe – nikainua mkono mzima na kusema: "Wape wote. Juu yangu."

Glasi kumi na mbili za rakija, pombe kali ya plamu, zikapaa. "Likupeleke salama, likurudishe salama!" Wakanywa.

Hapo ndipo nilipozinduka. Gari ukishalilowesha kwa pombe, umelinunua! Karatasi si kitu, sahihi si kitu. Tangu nizaliwe nimesikia mtu mmoja tu aliyelowesha gari kisha akarudi nyuma – marehemu Miloje, mwaka themanini na tisa – na wajukuu zake mpaka leo wanaitwa wa Miloje Mkavu.

Nilitembea kwenda nyumbani taratibu ili nipate la kumwambia Desanka. Nimefika, yuko mlangoni.

"Limelowa vizuri?" akauliza.

Habari za kijiji chetu hazihitaji hata petroli.

Jumatatu, 11 Septemba

Iskra kalileta lile la haibridi tulijaribu. Jeupe kama jokofu. Nusu ya kijiji kwenye ukingo wa ua, kwa kuwa wao ndio waliolinywea.

Nikaingia. Desanka pembeni yangu, Iskra nyuma. Nikabonyeza kitufe. Kimya. Nikasubiri. Nikabonyeza tena. Kimya. Sreten kutoka uani: "Bwana we, utaliwasha au tulete chakula cha mchana?"

Iskra akaninong'oneza sikioni: "Mjomba, lilikuwa limewaka. Sasa umelizima."

Nikawaambia uani kwamba nilikuwa nakagua betri.

Basi tukaondoka. Niseme nini? Naandikia nafsi yangu, nisijidanganye sana. Ni gari zuri. Linapanda Kona Saba kama bibi anayekwenda kukomunika, halikurupuki, halihemi. Mshale wa mafuta umesimama kama umechorwa. Mguu wa kushoto ndio ulionitia aibu – kona ya kwanza ukashuka kutafuta klachi, ukakuta breki. Iskra akaja na pua mpaka kwenye kiti changu.

"Mjomba! Huo mguu uukalie!"

Matundu yote ya upepo Desanka aliyafunga kabla hatujatoka getini, kwa hiyo tulipika humo. Kona ya pili nikaona mkono wake wa kushoto unatembea. Unapapasa pale katikati ya viti, polepole, kama mtu anayetafuta miwani gizani.

"Unatafuta nini?" nikamwuliza.

"Hakuna," akasema. Akaurudisha mapajani.

Kona ya nne alikuwa amelala. Amelala kabisa, mdomo wazi kidogo. Miaka thelathini na moja hajawahi kufumba jicho ndani ya gari langu! Iskra akafurahi: "Unaona, Mjomba? Mkazamjomba anapumzika." Nikasema ndiyo, naona.

Sikupenda.

Ijumaa, 15 Septemba

Iskra kasema daktari anakuja kesho saa nne asubuhi, na funguo, na mkataba. Akaongeza kwamba kule kliniki wanahesabu siku, hata wagonjwa wenye midomo wazi wanamsikiliza habari za Višnja.

Nimemwosha. Kwa mkono wa kushoto, nusu siku. Nimeng'oa kibandiko cha mtakatifu kwenye dashibodi kisha nikakirudisha. Chini ya kiti cha nyuma nimekuta kiatu kimoja cha mtoto – cha Iskra, wa miaka miwili, ile safari ya bahari. Dada yangu aliilaumu bahari miaka ishirini.

Kwenye kiti hicho hicho nilimleta Desanka kutoka kwao, Februari, theluji mita tatu. Nilikuwa nalisimulia hilo kwa sauti huku napangusa kioo. Yeye alikuwa uani anachoma pilipili za ajvar, rojo ya kuhifadhi kwa majira ya baridi, moshi hadi kwa jirani.

"Ilifika magotini," akasema.

"Magotini kwa nani? Kwa twiga?"

Akacheka mpaka akadondosha koleo. Bado anacheka vile, kichwa nyuma. Nikaona ndio wakati wa kuuliza.

"Desa, wewe unaonaje? Tubadilishe?"

"Mimi nini? Gari ni lako."

"Nakuuliza."

Akamenya pilipili moja, taratibu, ganda likatoka zima. "Lile jipya ni zuri," akasema. "Halisumbui. Halihitaji mtu."

"Mtu gani?"

"Mtu yeyote," akasema, akachukua nyingine.

Usiniulize kwa nini maneno hayo yamenikaa hapa kifuani kama mfupa wa samaki. Kijiji kimekwisha kunywa. Petroli ni moto. Bega haliponi, mama wa mazoezi amesema labda majira ya kuchipua, labda kamwe. Mtu mwenye akili angebadilisha tangu Jumatatu.

Jumamosi, 16 Septemba

Kaja! Saa nne kasoro, na suti. Mwembamba, mpole, vidole virefu. Hakunisalimu mimi kwanza. Alikwenda moja kwa moja kwa Višnja, akaweka kiganja juu ya paa na kusimama hivyo, kama mtu anayempima mtoto homa. Macho yakamlowa. Nikampenda, sitaficha. Ningempa mtu huyu figo.

Iskra akatandika mkataba mezani chini ya mzabibu. Desanka kaleta kahawa na rakija. Kwenye ukingo wa ua: Sreten na wale kumi na wawili, wote kamili, wamevaa vizuri.

Daktari akatoa funguo zake, akaziweka juu ya karatasi. Kisha akazifunika kwa mkono.

"Bwana Radojko, ombi moja kabla ya sahihi. Iskra kanieleza habari za Kona Saba. Gia ya tatu, breki huigusi. Nataka nione mara moja tu, kwa mkono wa mwenyewe. Nitakumbuka maisha yangu yote."

"Muoneshe!" Sreten. "Muoneshe, fundi!" wote.

Na daktari huyo, Mungu amweke, akazunguka hadi upande wa kulia na kufungua mlango wa mbele.

"Hapana, Daktari." Desanka alikuwa amekwisha kuvua aproni. Anajifuta mikono, hasa ule wa kushoto, kidole kwa kidole. "Wewe kaa nyuma. Hapo ni pangu."

"Mama, niwie radhi – nataka kumwona anavyobadilisha gia."

Ua mzima wakageuza shingo. Hata kuku. Desanka kanitazama. Mimi nimemtazama. Uso wake haukuonyesha kitu, lakini macho yalikuwa yanacheka, kichwa nyuma, kama jana penye pilipili.

Nikasema: kadi ya gari, naifuata ndani, dakika moja.

Dakika kumi sasa niko stoo, katikati ya mitungi ya ajvar, na daftari hili juu ya gunia la unga. Kadi iko mfukoni. Nasikia mlango wa Višnja unafungwa – upande wa kulia, mbele. Hivyo ndivyo Desanka anavyoufunga, anauvuta mara mbili. Sasa mlango wa nyuma. Basi daktari amekubali. Sreten anaita jina langu. Funguo za daktari bado ziko juu ya karatasi, nimeziona kupitia tundu la dirisha, na mimi sijui bado nitasaini au sitasaini, kijiji kiniite Radojko Mkavu au kisiniite.

Tukienda, daktari ataona. Anakaa nyuma katikati, ataona yote.

Basi niandike kabla hajaona, na hapa hakuna asomaye. Tangu Juni mkono wangu haujagusa gia. Mimi nakanyaga klachi, nasema "sasa", na Desanka anabadilisha kwa mkono wake wa kushoto. Kona zote saba. Na siku hizi hata sisemi "sasa".