Matanga ya Jael

Doha, 4 Februari 2024

Mama mpendwa,

Habari za Malinya? Mimi ni mzima, ila baridi ya mashine za kupoza hewa hapa kazini inanitafuna. Picha uliyonitumia nimeionyesha kila mtu. Uso umejaa mpaka mashavu yanang'aa! Wenzangu wanasema mama yangu anatunzwa, nami nikaringa. Usipungue, Mama.

Mwanao,
Awinja

Malinya, 19 Machi 2024

Awinja mwanangu,

Salamu nyingi. Natumai baridi imekubakizia meno. Huku hata kanisani wananisifu. Jirani yetu Mama Andati aliniuliza nakula nini, nikamwambia nalishwa pamoja na fahali wa mumewe, yule anayenoneshwa kwa mapigano.

Lakini mikono ilikuwa inakonda huku uso ukijaa, nami sikupenda. Kisha mguu wa kushoto ukavimba, ukawa moto. Nikaenda hospitali mjini Kakamega. Daktari akasema unene huu si afya. Kuna tezi juu ya figo inayomwaga homoni kupita kiasi, na homoni hizo zinaifanya damu igande upesi. Bonge limeshika mguuni. Likipanda mapafuni, naweza kufa papo hapo. Nimepewa dawa, nimekatazwa kuketi muda mrefu, na mguu ukitulia nitapasuliwa tezi itolewe.

Naogopa. Ni wewe na dada yangu Jael tu mnaojua.

Mama

Doha, 20 Machi 2024

Mama,

Nimesoma ujumbe wako nikajifungia chooni, nikalia. Kumbe nilikuwa naringia ugonjwa! Meza dawa, Mama. Tembea. Sina mwingine.

Awinja

Doha, 29 Aprili 2024

Mama,

Pole sana. Gentrix amenipigia kwamba mama yake, Mama Mkubwa Jael, ametutoka. Siwezi kuamini.

Najua desturi ya huko: dada wa marehemu huketi chini kando ya jeneza hadi mazishi. Najua pia ulivyompenda. Nakuomba usiketi, Mama. Nijibu.

Awinja

Doha, 3 Mei 2024

Mama, simu yako imezimwa. Gentrix hapatikani. Mazishi ni kesho. Nitumie hata neno moja.

Awinja

Malinya, 9 Mei 2024

Awinja wangu,

Nisamehe. Mimi ni mzima. Stima ilipotea kijiji kizima, simu zote zikazima; imerudi leo.

Usiku wa kwanza niliketi. Nilishika jeneza nikasema, kama ni kufa, tuzikwe pamoja. Mguu ukaanza kukaza. Ndipo nikakumbuka alivyoniambia Jael nilipotoka hospitali: "Jescah, mimi ndiye mkubwa. Usinipite njiani kwenda kaburini, wala usinifuate mbio."

Nikainuka. Nikamlilia nikiizunguka nyumba, nikipumzika kidogo, nikizunguka tena. Wanawake wakasema nisikie: "Huyu anatembeatembeanga nini? Dada yake amelala hapo peke yake." Shemeji, mume wa Jael, hajanisalimia mpaka leo. Iliniuma kuliko mguu.

Kulipokucha Gentrix aliondoka kando ya mama yake, akanishika mkono, tukazunguka pamoja. Hakuniuliza kitu. Baadaye Mama Andati akaja upande wa pili.

Jana daktari alisema mguu unapungua. Nitapasuliwa mwezi ujao, na haya mashavu yataisha. Nitakutumia picha nyingine, Awinja. Nitakuwa nimekonda. Hiyo ndiyo uwaonyeshe wenzako.

Mama