Papa SDN, Ile Imbwa Yako Imeleta Amani

Mwaka mmoja umezunguka, Papa Kambale Muyisa, tangu ulituacha pale Beni kwa dada yako Hadjara, na kiti yako ya Butembo ikabakia inaangalia mulango tu. Papa, tuko na habari! Mais Mama anasema kumbukumbu haiandikwe mbio-mbio, donc ninaanza polepole.

Mu quartier bote balikuitaka Papa SDN. Kila mwaka ulifundishaka batoto ya masomo Société des Nations, ile kyaghanda, nyumba ya kuongelea, ya dunia yenye bakubwa balijenga kisha vita ya kwanza, ili mataifa iketi, iongee, isipigane tena. "Amerika ilikata miti, ikachora nyumba, kiisha ikakatala kulala ndani," ulisemaka, na darasa yote inacheka. Unakumbuka ule mwanafunzi mwenye aliandika mu examen kama SDN ilitoa mandat juu ya Ruanda-Urundi, mais polisi haikukuta mutu ku nyumba? Ulimupatia point juu alikuchekesha, kiisha ukamufasiria kama mandat ile ilikuwa ya kutawala inchi, hapana ya kukamata mutu.

Na kama mbuzi ya jirani ilikula mahindi ya mwenzake, ulibaita bote babili. Hakuna kusema mbele ya kumaliza chai. Chai yako ya tangawizi ilichoma mudomo, mutu anasahau matusi yenye alikuja nayo.

Mais ugomvi moja ulituachia, Papa: yako.

Siku ulikufa, barabara ya Beni ilikuwa imefungwa juu ya ba-masasi, vita ya bunduki njiani. Shangazi Hadjara na bwana yake Jamali balikuzika siku ile ile, kama ba-Islamu wenzabo banazikaka. Kesho yake Baba mudogo Vagheni akafika na sanduku ya kukuzikia juu ya gari, akakuta udongo. Akasema mbele ya bantu kama dada yake amekufukia sawa mutu hana ndugu. Shangazi akamujibu arudie na sanduku yake. Tangu pale, hapana salamu, hapana simu, hata ku ndoa ya mutoto yako Rébecca moja alikuja, mwingine akakatala. Siye tuliogopa leo ingefika na misa huku, dua kule, na weye katikati kama shamba ya kugombania.

Njo miye Élise, mwenye nimemaliza histoire sawa weye, nikasema dawa iko mu masomo ya Papa.

Kwanza nilijaribu sanction. Nyumba yote, hakuna kumusalimia Baba mudogo mpaka apige simu Beni! Mais kila siku ya Mungu Mama alimutumia sombe, majani ya muhogo ya kupika, kwa kujificha. Ulisemaka SDN iliwekea Italia sanction juu ya Ethiopia, ikaacha petroli ipite, na vita ikaendelea. Petroli yetu ilikuwa sombe.

Kiisha nikakumbuka ile imbwa ya 1925 yenye ulifundishaka. Banasema soldat ya Grèce alifuata imbwa yake ku mpaka ya Bulgarie, bakamupiga risasi, Grèce ikaingia na jeshi. SDN haikuuliza kwanza nani ana makosa. Ilisema kila mutu arudi kwake, njo tuongee. Na Grèce ikarudi!

Donc nikabaita Baba mudogo, Shangazi na Jamali ku Maboya, katikati ya njia ya Butembo na Beni, na chai ya tangawizi ndani ya thermos. Nikabaambia: hakuna kuomba samahani, kila mutu arudishe kwake neno moja tu.

Baba mudogo akakohoa, akaangalia dada yake. "Yaya, ile ya 'hana ndugu', ninairudisha kwangu."

"Na miye ninarudisha ile ya sanduku. Iko wapi?"

"Ku depot. Ninawekaka mahindi ndani."

Shangazi alicheka mpaka kitambaa ikaanguka ku mabega. Kiisha kicheko ikageuka machozi. Akasema alimungojea Baba mudogo mpaka jua inataka kuzama, na barabara haikufunguka.

"Nani alimuosha?" Baba mudogo akauliza.

"Jamali. Na mikono yake."

Papa, Baba mudogo alisimama, akakamata mikono ya Jamali yote mbili. Chai ikapoa, hakuna mutu aliigusa.

Leo asubui ni misa hapa Butembo. Kiisha siye bote, rozari na tasbihi, tunapanda gari ya Jamali mpaka Beni ku dua. Na ile sanduku inarudi kwako! Fundi amegeuza mbao yake kiti murefu. Tutaiweka pembeni ya kaburi, na mutu mwenye iko na ugomvi aketi pale na mwenzake.

SDN yenyewe balifunga mulango yake mwaka 1946, na sijasikia mutu aliililia. Yako inapata kiti leo.

Tunaokukumbuka: bibi yako, Mama Kyakimwa, batoto yako Luc, Rébecca na Élise, ndugu yako Vagheni, dada yako Hadjara na shemeji Jamali, bote ku mustari moja.

Wasingya, aksanti, Papa. Daima utaketi katikati yetu.