Kiapo cha Longino

Itaba, Gitega
Mwezi wa Mei, 2011

Kwa mama yetu mpendwa Josefina,

Shikamoo, Mama. Ni mimi mkweo Upendo, nakusalimu kutoka huku mlimani kwenu. Umeamkaje huko Muyinga? Kifua kimeacha kubana? Usingizi unaupata? Sisi kwa upande wa mwili tu wazima. Wajukuu zako wanakua, na mimba yangu imeshakuwa nzito, kuinama na jembe ni shida. Wifi yangu Kasilda na shemeji nawasalimu sana, na nawashukuru kwa jinsi wanavyokutunza.

Wifi, nakuomba barua hii uisome kwanza wewe peke yako, kimya, mpaka mwisho. Kisha umsomee Mama pole pole, ukiona ana nguvu ya kusikia. Ninaandika mimi kwa sababu Longino alijaribu akashindwa. Kila akianza, maneno yanageuka kuwa ya kujitetea. Alichana karatasi, akaniomba nishike kalamu, na akaniambia nisimfichie chochote.

Najua mmepiga simu mpaka mmechoka. Najua pia mtakuwa mmesema kwamba Longino amepata shamba akasahau aliyemzaa. Afadhali ingekuwa hivyo, Mama.

Unakumbuka tulipovuka mpaka kutoka Tanzania kuingia Burundi wewe ulibaki hapo Muyinga kwa Kasilda, kwa sababu miguu yako isingeweza vilima vya huku. Usiku ule wa kuagana ulimwita Longino pembeni ukamweleza mipaka ya shamba la baba yake. Mimi sikuwapo. Nilipomuuliza alinijibu kwamba shamba lote ni letu, kuanzia juu kwenye mawe hadi chini bondeni kwenye mto.

Tulipofika Itaba tulimkuta Gervasi, mtoto wa jirani yenu wa zamani, analima pote. Sitamsema vibaya. Sehemu ya juu alituachia bila ugomvi, na siku tulipoezeka nyumba alileta nyasi. Bonde tu ndilo alilokataa kuachia. Alisema marehemu baba mkwe alimpa baba yake bonde lile kwa ng'ombe mwenye ndama, kabla ya vita. Longino alisema huo ni uongo wa waliobaki, kwamba wakimbizi wakirudi kila mtu ana ng'ombe wa kuwasimulia. Na kweli juu kwetu ni mawe matupu, Mama. Muhogo unatoka mwembamba kama kidole. Nilipotazama lile bonde jeusi lenye maji na mimi nililitamani.

Lazima niseme jambo moja kuhusu mwanao ambalo huenda hukulijua vizuri, kwa sababu mbele yako alikuwa anajikaza. Tangu tulipomzika mtoto wetu wa kwanza kule kambini Tanzania, Longino hakusali tena. Kanisani alikuwa anafika, anakaa, anatoka. Nyumbani nilipoanza Baba Yetu alikuwa anasimama anakwenda kutazama kuku. Siku moja aliniambia kwa utulivu kabisa kwamba alimlilia Mungu siku zote za ugonjwa wa mtoto, na amejua sasa kwamba Mungu hana masikio. Nilimwambia ayaogope maneno hayo. Akanijibu kwamba hakuna wa kumwogopa.

Basi mwezi wa pili wazee waamuzi wa mlima, wale bashingantahe, walipanga siku ya kusikiliza kesi ya bonde. Mimi siku hiyo nilikuwa mjini Gitega, kule Yoba, kwa dada yangu Anisia aliyekuwa amejifungua kwa shida. Nilikwenda na watoto, tukakaa huko mpaka alipopata nafuu. Niliporudi Longino alikuja kunipokea njiani, akaniambia tumepewa bonde. Hakutabasamu. Nilipika, hakula.

Toka siku hiyo, Mama, nyumba yetu ilibadilika. Nilipofika kisimani wanawake walinyamaza. Mmoja alinishika mkono muda mrefu, akanitazama tumbo, akaondoka. Katekista wetu alipita nyumbani, akamwona Longino, akamvuta kando wakanong'ona, kisha akanibariki kwenye paji la uso na kwenda zake. Nilidhani wamesikia habari mbaya ya dada yangu. Nilidhani labda mimba yangu ina kitu ambacho wao wanakiona na mimi sikioni. Nilianza kuogopa hata kuuliza.

Simu aliizima. Aliniambia laini imeharibika, na kwamba ataishughulikia siku akienda mjini, lakini mjini hakwenda. Alipoona mtu anapanda njia inayotoka barabara ya Gitega, alisimama wima na jembe mkononi hadi mtu yule apite. Alipanda maharage bondeni, lakini hakutaka kushuka kule peke yake, alitaka niende naye nikae tu pembeni. Maharage yakaota vizuri mno, kijani ya kutisha. Halafu mvua ya mawe ikapiga mlima mzima, kwetu na kwa wengine, kama inavyopiga miaka yote. Watu wengine walilalamika wakaenda kuokoa walichoweza. Longino peke yake alikaa mlangoni, na aliposikia radi upande wa Muyinga alijiziba uso.

Siku chache baadaye Gervasi alikuja kwetu mchana, na mke wake, na kikapu cha unga wa mtama. Nikashangaa, maana tangu kesi hakuwa amekanyaga uwanja wetu. Waliketi. Gervasi alivua kofia, akasema Kirundi cha taratibu, cha msibani. Alisema ameona nimekaa kimya siku nyingi, akajua sasa mume wangu atakuwa ameshaniambia, ndiyo maana amekuja. Akanipa pole ya kufiwa na mama mkwe.

Mama, sikuelewa.

Yeye akaendelea. Alisema mama yake mzazi alipomzaa hakuwa na maziwa, na wewe ndiwe uliyemnyonyesha pamoja na Kasilda, titi moja huyu, titi la pili huyu. Alisema kuhusu bonde hana neno tena, kwa kuwa mtu aliyeapa kwa jina la Mungu ameshamaliza maneno ya wanadamu. Kisha akamgeukia Longino: "Nakuomba kitu kimoja tu. Niambie mmemlaza wapi mama yetu kule Muyinga, niende nikapige magoti."

Longino alifungua mdomo ukabaki wazi. Wageni walidhani ni uchungu. Mke wa Gervasi alilia. Walipoondoka nilifunga mlango nikamuuliza mwanao, na siku hiyo ndipo nikajua.

Mama, nisamehe mkono wangu kuandika haya. Siku ile ya kesi wazee waliuliza kama mwenye nyumba, mama Josefina, yu hai, maana ng'ombe alipoletwa yeye alikuwapo, na neno lake lingemaliza ugomvi. Walikuwa tayari kutuma mtu Muyinga. Longino alijua utakachosema, kwa sababu usiku ule wa kuagana ulimweleza waziwazi kwamba bonde ni la akina Gervasi. Basi akainua mkono mbele ya wazee na Biblia ya katekista, akaapa kwa jina la Mungu kwamba umefariki, na kwamba kabla ya kufa ulimwachia bonde. Aliwaomba wasiniambie, kwamba nina mimba na yeye mwenyewe ataniambia taratibu. Wakamhurumia. Kanisani ulitajwa katika sala ya marehemu, Mama, nikiwa bado kwa dada yangu. Watu wazima waliokujua ukiwa kijana walikulilia.

Aliniambia kwamba alipoinua mkono alikuwa anacheka moyoni. Kumwapia asiye na masikio ni kitu gani? Lakini alipoushusha, anasema, alisikia kimya ambacho hajawahi kukisikia maishani, kama mtu amesimama nyuma yake akasitisha pumzi. Na kimya hicho hakikumwacha tena, shambani wala kitandani.

Nilimwambia kesho yake aende kwa wazee. Akasema ndiyo, kisha hakwenda. Wiki ikapita. Ndipo akaja Saidi, yule mfanyabiashara wa vitenge wa mtaa wa Nyamugari mjini Gitega, anayekwenda soko la Muyinga, ambaye Kasilda alimtuma. Siku zote Kiswahili chake hutuchekesha sisi tuliokulia Tanzania. Siku hiyo hakuna aliyecheka. Alisema, "Mi nimemuona na macho yangu. Mama iko mugonjwa sana. Hakuli. Iko naita Longino tu, kila saa Longino."

Mwanao alikaa chini udongoni. Akasema, "Amesikia. Upendo, amesikia."

Nilijua anamsema nani. Nilimkemea, nikamwambia Mungu si mtumishi wake wa kutimiza uongo wake, na kwamba wazee huugua hata pasipo viapo. Nilisema hivyo kwa mdomo. Moyoni niliogopa sana, na mtoto tumboni alitulia siku nzima hata nikamshika kwa mikono miwili.

Longino alitaka kukimbia moja kwa moja kuja kwako. Lakini alifika kwa padri kwanza, akidhani atapewa sala ya kuvunja neno alilolisema. Waliyoongea ni ya kitubio, sikuuliza. Ila aliniambia mwenyewe swali moja la padri lililompiga: kama mama yako akipona kesho, utarudi kuwa mtu yule yule? Anasema hapo aliona kwamba hata hofu yake ilikuwa biashara. Alikuwa anamwogopa Mungu kama mwizi anavyomwogopa mwenye nyumba, anasubiri tu apite. Alirudi nyumbani akakaa nyuma ya nyumba mpaka jioni, na niliposogea nilimkuta amepiga magoti kwenye matope.

Jumapili, baada ya misa, padri alimruhusu kusimama mbele. Kanisa lilikuwa limejaa. Alisema: "Mama yangu Josefina yu hai. Niliapa uongo kwa jina la Mungu. Bonde ni la Gervasi, na mimi nilijua." Hata msamaha hakuomba. Nilikuwa nimekaa na watoto upande wa wanawake, na wote kwenye benchi letu wakasogea mbali nasi kama tuna upele. Bibi mmoja alipiga ishara ya msalaba, akasema kwa sauti kwamba aliyeombolezwa haombolezwi mara mbili, mnajuaje kama hamjamwita mwenye kumchukua.

Maneno hayo, Mama, ndiyo yanayotembea mlimani sasa. Wazee wamerudisha bonde, hilo ni haki. Lakini pombe ya mtama ikitengwa Longino hapewi mrija wa kunywea. Wengine wanasema hata mvua ya mawe ni yetu. Gervasi alikuja siku moja, akasimama mbali, akasema tuvune maharage yaliyopona kwa sababu tulitoa jasho, na tukimaliza tusishuke tena. Nikamshukuru. Longino alitaka kumsogelea, Gervasi akainua kiganja kumzuia, akaondoka. Alipofika kwenye mgomba aligeuka, akaniuliza mimi, si yeye, kama ni kweli bado unapumua.

Mwanao anasali sasa. Si kama zamani kwenye kwaya ya kambini, kwa sauti. Anapiga magoti, anataja jina la Mungu polepole kama mtu anayebeba moto kwenye kigae, kisha ananyamaza muda mrefu. Nilimuuliza kama anaomba upone. Alisema anaomba hilo, lakini kwanza anaomba afundishwe kumwogopa Mungu bila kumkimbia. Alisema hata ukifa, Mama, hatamwambia tena kwamba hana masikio. Aliposema hivyo nililia, kwa sababu niliona kwamba amekwisha kujitayarisha kwa jambo ambalo mimi siwezi hata kulifikiria.

Sasa nikueleze lililobaki. Atakayekuletea barua hii mlangoni ni Saidi, lakini hakusafiri peke yake. Longino yuko hapo Muyinga. Hathubutu kuingia nyumbani kwa mtu aliyemzika kwa mdomo wake. Amekaa kanisani parokiani, benchi la nyuma kabisa karibu na mlango, na atakaa hapo mchana kutwa. Ukimwita atakuja. Usipomwita, ameniambia, hatasema umekosea, atarudi Itaba kulima mawe yetu na ataendelea kusali. Sikuombi jibu lolote, Mama. Wewe ndiwe uliyetajwa katika wafu, na neno ni lako.

Na wewe, wifi Kasilda, kama umesoma mpaka hapa na hakuna tena wa kumsomea, usimwache ndugu yako kwenye benchi lile. Nenda umwambie wewe, kwa mdomo wako, na umshike mkono.

Watoto wanakusalimu, Mama, kila mmoja kwa jina lake. Anisia naye anakusalimu kutoka Yoba na mtoto wake. Nami nakusalimu kama mtu anavyomsalimu aliye hai, nikimwomba Mungu anayesikia, salamu hii ikukute hivyo.

Mkweo,
Upendo