Barua ya tatu ya Mama Pasi

Mwenzangu, uko? Usinipigie, nimejifungia stoo ya mashuka, nakuandikia tu.

Nimempa Mama Pasi, yule mpiga pasi wetu wa dobi, barua ya onyo. Ya tatu! Na hapa hotelini unajua ya tatu maana yake nini: unasaini, unarudisha sare, unakwenda zako.

Meneja aliniletea barua sita zimeshachapwa, akasema, "Msimamizi wa dobi ni wewe, tia saini ugawe." Nikatia, nikagawa. Sikusoma, wewe! Niliangalia majina tu.

Mama Pasi akazima pasi, akafuta mikono, akaisoma yote polepole. Kosa: kutofika kazini siku moja bila ruhusa. Akaniangalia. Nami na ubosi wangu, "Kama una maelezo, sema sasa."

"Sina, mwanangu." Akasaini.

Sina, mwanangu. Basi.

Naweka nakala kwenye faili ndipo naiona tarehe ya hilo kosa. Ni siku tuliyomzika baba. Mwenzangu, ni yule mama aliyenishika kiuno pale kaburini nisianguke! Si wewe uliyeniuliza kama ni shangazi yangu?

Yaani anaamini nilijua.

Nimemkimbilia meneja, hata kichwa hakuinua. "Ruhusa ya msiba ilikuwa yako peke yako. Na hii saini si yako?"

Ni yangu.

Nimerudi mbio kule dobi, ameshaondoka. Sare yake ipo juu ya meza yangu, imekunjwa vizuri.

Ameipiga pasi.