Kaseti Haisubiri

Nyamirambo, Kigali
7 Juni 1992

Kwa shemeji yangu Jean-Berchmans,

Salamu nyingi. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wajukuu wazima, na kifua chako kimetulia baada ya mvua za Bukoba. Sisi huku tupo. Dada yako Daphrose hajambo, ila goti la kushoto, ambalo siku hizi linatabiri mvua kuliko redio. Mimi nimestaafu ualimu mwaka jana, na tangu hapo nafundisha kuku.

Utashangaa kuona mwandiko wangu. Miaka kumi na tisa nimemwachia dada yako akuandikie, mimi nikidandia mwishoni kwa "na Évode anasalimu". Leo nimeshika kalamu mwenyewe kwa sababu habari hii ni yetu wawili.

Gamba anarudi.

Unamkumbuka Kubwimana, yule mwanafunzi aliyekaa benchi la mbele akila chaki? Sasa ana studio ya video mjini, anapiga picha za harusi. Alinijia amevaa suti, akasema, "Mwalimu, watoto wa leo hawana katuni yao wenyewe. Tumrudishe yule kobe." Nikaingia chumbani nikatoa kopo la biskuti. Gamba yumo, yuleyule uliyemkata kwa karatasi ngumu, miguu minne imefungwa kwa uzi mweusi wa dada yako. Mguu mmoja tu umeonjwa na mende.

Nilimweleza Kubwimana kazi ilivyokuwa, nawe nivumilie, unaujua ugonjwa wangu wa kueleza. Nilimwambia kwamba katuni ni karatasi isiyokwenda popote. Unaisogeza kidogo, unapiga picha. Unaisogeza tena, unapiga tena. Jicho la mtazamaji ndilo linalotembea. Kwamba padri alituazima kamera yake ndogo, wewe ukachora na kusogeza, na kila Jumapili mimi nikasimama kando ya kitambaa ukumbini nikitoa sauti za wanyama wote, maana filamu zenyewe zilikuwa bubu. Lakini aliponiuliza karatasi inasogezwa umbali gani, nilikwama. Hilo lilikuwa lako. Tuambie, na utupe ruhusa.

Barua nampa Aidah, ambaye anakuja huko kununua dagaa.

Shemeji yako,
Évode


Bukoba
2 Agosti 1992

Muramu wangu, au shemeji kama tusemavyo huku,

Barua yako imenikuta hai, jambo ambalo limewaudhi baadhi ya watu. Kifua ni kilekile. Mjukuu wangu Kirezi, mwenye miaka saba, huniamuru nikakohoe nje. Mwambie dada yangu goti likandwe kwa maji ya moto yenye chumvi, wala asikusikilize wewe.

Nimecheka mpaka kikombe kikaanguka. Gamba yu hai! Haya, sikia: ukucha. Umsogeze upana wa ukucha wa kidole kidogo, usizidi hapo. Ukimsogeza kidole kizima ataruka kama chura. Mwambie hivyo mla chaki wako.

Ruhusa mnayo. Anzeni na ile sehemu ya lango, ambayo watoto waliipenda kuliko zote. Mvua inanyesha, Gamba anafika kwenye boma la wanyama, anapiga hodi. Unakumbuka kwa nini mkanda wa kwanza niliukatia palepale? Watu walidhani filamu imeisha. Mimi nilikuwa nabadilisha mikanda, watoto wakapiga kelele "Karibu! Karibu!" mpaka mabati yakatikisika, na mkanda wa pili ukaanza na lango linafunguka. Naamini kuna watu wazima hapo Nyamirambo ambao mpaka leo wanajua ni wao waliolifungua.

Nina ombi moja. Kirezi amejua kusoma. Nimemwambia kwamba babu yake alikuwa mtengeneza katuni Kigali, akaniangalia kama ninavyowaangalia wanafunzi wanaodai daftari limeliwa na mbuzi. Simlaumu. Hapa mimi ni mwalimu mkimbizi, na sikutoka na hata picha moja mfukoni. Basi mwishoni mwa filamu liandike jina langu, hata likiwa dogo kama mchwa. Atalisoma mwenyewe.

Shemeji yako mkorofi,
Jean-Berchmans


Nyamirambo
15 Novemba 1992

Shemeji,

Hujambo na watoto? Sisi wazima. Goti la Daphrose linaendelea vizuri kwa ile chumvi.

Kazi imekwisha na filamu itaonyeshwa ukumbini wakati wa Noeli. Usijisumbue kuitafuta kaseti. Mashine za huku ni mbovu, picha haitulii, na sauti ni hafifu. Sidhani kama itamfurahisha mtoto wa huko. Nitakuandikia kwa kirefu nikipata nafasi.

Shemeji yako,
Évode


Bukoba
10 Januari 1993

Évode,

Salamu. Tu wazima.

Aidah alituletea kaseti bila kumwambia mtu, alitaka tufurahi. Tuliiangalia nyumbani kwa mwenye duka mmoja mwenye mashine, tukiwa na Kirezi na watoto tisa wa jirani. Aidah mwenyewe alikaa mbele kama mama wa bibi harusi.

Picha ilitulia na sauti ilisikika vizuri sana.

Gamba anaruka kama chura. Hilo nimelisamehe, vijana hawana subira. Mvua mmechora kwa chokaa, nalo nimelisamehe. Lakini nilikuwa nimewafundisha watoto. Niliwaambia, "Akipiga hodi, itikieni kwa nguvu, hafunguliwi bila ninyi." Gamba akapiga hodi. Watoto kumi wakapiga kelele, "Karibu!" Kaseti haisubiri. Walikuwa bado wanapaza sauti, na kutoka ndani ya boma sauti ikasema, "Nyumba imejaa. Wewe una nyumba mgongoni, nenda nayo." Wanyama wakacheka. Gamba akageuka akaondoka mvuani, na hapo ndipo mwisho.

Kirezi aliendelea kuita "karibu" peke yake mara mbili tatu, akidhani hakusikika.

Kisha majina yakapita. Alisogea karibu na kioo akayasoma yote kwa kidole, akarudi mpaka kwangu. "Babu," akauliza, "jina lako linaandikwaje?"

Nina swali moja tu. Ile sauti ya ndani ya boma, ilikuwa yako?

Jean-Berchmans


Nyamirambo
29 Agosti 1993

Jean-Berchmans,

Naomba barua hii ikukute na afya, wewe na Kirezi na wote. Dada yako ni mzima. Kimya cha miezi saba ni changu mimi, yeye aliniuliza kila Aidah alipofunga safari, "Umeandika?" nami nikajibu kwamba natafuta maneno. Mwalimu wa miaka thelathini na minne alikuwa anatafuta maneno.

Ndiyo. Sauti ni yangu.

Nitakueleza, na safari hii si kwa ule ugonjwa wangu. Kubwimana alikuja na karatasi mpya. Alisema waliotoa fedha za kaseti wanaona lango lile halifai. "Mwalimu, unajua nyakati zenyewe. Nani anafungua lango ovyo na vita iko kaskazini? Na kobe nyumba anayo, si iko mgongoni?" Nilipaswa kumjibu ulilotufundisha, kwamba gamba la kobe si nyumba, ni mifupa yake. Kuhusu jina lako alisema tu, "Huyo si yuko nje?" Nikasema, "Ndiyo, yuko nje." Mazungumzo yakaishia hapo.

Tulirekodi mara tatu. Mara mbili za kwanza Kubwimana alilalamika kwamba sauti inatetemeka. Mara ya tatu haikutetemeka. Hiyo ndiyo uliyoisikia, na hilo ndilo linaloniaibisha kuliko yote.

Ukumbini siku ya Noeli watoto hawakujua waitikie nini. Ila wazazi wao, wale wa Jumapili zetu, walifungua midomo kabisa. Niliona mtu mzima, fundi cherehani, anavuta pumzi apaze "karibu", kisha anaimeza na kuangalia pembeni ili aone nani alimwona. Daphrose alisimama akatoka. Nyumbani alinipakulia chakula akaenda kulisha kuku.

Sasa limebaki moja, nalo halimo kwenye kaseti.

Unakumbuka siku ile ya mwaka 1973, orodha ya majina ya waliofukuzwa kwa kabila lao ilipobandikwa mlangoni pa shule yetu na lako likawamo. Ulikuja kwetu adhuhuri na begi lako. Ulipiga hodi. Baadaye ulimwandikia dada yako kutoka mpakani kwamba ulipita kuaga, ukakuta hatupo, ukaendelea. Yeye kweli hakuwepo, alikuwa sokoni. Mimi nilikuwa ndani, nimesimama nyuma ya mlango. Mkono wangu ulikuwa juu ya komeo, na kama ningelisikia hodi yako ya nne ningelifungua, hivyo ndivyo nimejiambia miaka yote. Ulipiga mara tatu, kama mtu mwenye adabu.

Ndiyo maana yale maneno ya kaseti hayakuwa magumu kuyajifunza. Nilishayasema zamani, bila sauti.

Nimemweleza Daphrose jana, baada ya miaka ishirini. Alikuwa anachambua maharage. Akaendelea mpaka ungo ukaisha. Kisha akasema, "Usiniombe mimi radhi. Si mimi niliyekuwa nje."

Basi nakuomba wewe. Mwezi huu amani imetiwa saini Arusha na wanasema wa nje watarudi. Sikuandikii kwa sababu hiyo, ingawa najua itaonekana hivyo. Nimeandika kwa sababu nimeshindwa kulitazama kopo la biskuti.

Sijui kama bado naruhusiwa kujiita shemeji.

Évode


Bukoba
17 Oktoba 1993

Évode,

Tu wazima. Kifua kinasumbua, Kirezi naye ameanza kunisomea magazeti kwa sauti ya hakimu.

Hukuwa na haja ya kunieleza habari ya 1973. Viatu vyako vilikuwa mlangoni. Vile vyeusi vya shule, kimoja kimekanyaga kingine, kama ulivyoviacha kila siku ulipoingia kula. Nilivitazama wakati napiga hodi. Nilipiga mara tatu nikaondoka, kwa kuwa hodi ya nne ingekulazimisha utoke uniambie uso kwa uso.

Nilimwandikia dada yangu kwamba sikukuta mtu. Alikuwa na mimba ya miezi sita, na ni wewe uliyebaki naye. Nisingeweza kumwachia nyumba yenye maneno hayo ndani.

Usidhani sikukukasirikia. Nimekukasirikia kila mwaka, hasa mvua zikianza. Lakini mtu akikaa nje muda mrefu anazoea hasira yake kama kobe anavyozoea gamba. Kilichonikata ni Kirezi kuendelea kuita.

Anataka kuuona ukumbi. Tutafika Jumamosi ya tarehe 18 Desemba, mimi na yeye, kwa basi kutoka Rusumo. Tutakuwa langoni kwako adhuhuri au karibu na hapo. Nitapiga hodi mara tatu, sijabadilika.

Salimia dada yangu sana.

Kaka wa mke wako,
Jean-Berchmans


Nyamirambo
5 Desemba 1993

Shemeji,

Nimelitumia neno hilo, ulifute ukifika kama halinistahili. Hujambo, na kifua? Daphrose amekwisha nunua mchele na anafagia hata mahali ambapo hapana vumbi. Goti limepona ghafla.

Sitasema mengi. Nilimwomba Kubwimana aibadilishe kaseti, akakataa. Alisema aibu ni yangu mimi, si yake. Basi Jumapili iliyopita ilikuwa zamu yake kuionyesha tena ukumbini, nami nikakaa kiti cha mbele, kando ya mashine. Gamba akaja akirukaruka. Akapiga hodi. Nikanyoosha mkono nikabonyeza kile kitufe cha kusimamisha.

Ukisimamisha kaseti, picha haifi. Inabaki inatetemeka, ina mistari, kama mtu mwenye baridi. Gamba akawa amesimama hivyo mbele ya lango. Nikageuka kuwatazama watu, kama zamani. Nikasema, "Watoto, kobe huyu alikatwa na Jean-Berchmans, mwalimu wa mtaa huu, kaka wa mke wangu. Sauti mtakayoisikia baada ya hapa ni yangu, na ilisema uongo. Sasa, mtu akipiga hodi tunasemaje?"

Siwezi kukudanganya tena. Wanaume watatu wa nyuma wakainuka wakatoka, na mmoja akauliza kwa sauti, "Huyu mzee katumwa na nani?" Kubwimana alikuwa ananivuta koti. Kisha yule fundi cherehani, bila kuinua macho, akasema "Karibu." Akasema polepole sana, kama anayekiri kosa. Mke wake akasema. Watoto wakadhani ni mchezo wakapokea, na mabati yakatikisika, si kama zamani, lakini yakatikisika.

Nilizima mashine nikawamalizia hadithi kwa mdomo.

Gamba nimemchukua. Kubwimana hakubisha, labda alifurahi kuachana naye. Yumo kwenye kopo, na nyuma yake nimeandika jina lako kwa wino, herufi kubwa, ili Kirezi asiinamie. Mguu ulioonjwa na mende nimeuacha. Huo utautengeneza wewe.

Kuna watu ambao hawanisalimii tangu Jumapili. Nakueleza ili ujue unafikia nyumba gani. Ukiona ni bora usije, nitaelewa. Ukija, utaona komeo la lango limeng'olewa. Daphrose aliling'oa mwenyewe kwa nyundo, akasema ni bovu. Halikuwa bovu.

Lango litakuwa wazi tangu asubuhi. Lakini usiingie tu. Piga hodi, mara moja inatosha. Viatu vyangu vitakuwa miguuni.

Évode