Sauti Yangu Usiifute

Mjukuu wangu Devota, marahaba. Huku Lusahunga tu wazima, na mbuzi wa mama yako amezaa mapacha.

Unasema wenzako chuoni, wanaochukua sauti za programu zao kwenye ile maktaba ya sauti uliyowatengenezea kompyutani kwa kunirekodi mimi, wananicheka. Mtu akikosea jibu, kompyuta inamwambia kwa sauti yangu "ludia" badala ya "rudia". Unauliza, umrekodi mtu mwingine?

Nilipokuwa darasa la nne nilisoma mbele ya wote, "Twende tukapige kula." Wakaangua kicheko, mwalimu akaniamuru nirudie. Nikarudia vilevile, kwa sauti ya juu zaidi. Walicheka, lakini wote walijua nasema kura.

Usinifute. Anayenisikia ni yule aliyekosea. Basi aache kucheka, aludie!

Bibi yako